Watu Wanapiga Kelele

Mistari miwili, herufi thelathini na saba kila mmoja:
hiyo ndiyo nafasi niliyopewa
ya kuipitisha vita ya watu kwa Kiswahili.

Chumba changu kiko Ruwi, juu ya duka la mshona kanzu.
Cherehani zake huitetemesha meza yangu hadi saa mbili usiku,
na kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi.
Filamu imeletwa ndani ya kidude kidogo kuliko kidole:
saa mbili na dakika tatu,
ndege, jabali, rubani mmoja mwenye macho ya buluu.

Nimemwita Bi Shinuna anisaidie majina ya mahali.
Alizaliwa chini ya Jabal Akhdhar,
akapelekwa Unguja kwa mjomba, mtoto wa miaka tisa, bubu.
Kiswahili ndicho kilichomrudishia ulimi,
na hadi leo akitaka kuisema vita
huisema kwa Kiswahili.
Kiarabu, anasema, kilikuwepo siku ile.

Kakaa upande, bega kwa skrini,
kama mtu aliyeletewa posa asiyoitaka.

Ndege zikatokea. Muziki ukapanda, fidla arubaini.
"Hivi ni nini?"
Muziki, Bi.
"Nani alikuwa anapiga?"

Nikapunguza sauti.
Akahesabu. "Mbili tu? Na hao mbuzi, mbona wanakula?"
Mbuzi wa kukodi, nikamwambia, wamezoea.
"Falaji ina maji," akasema, akanyamaza.
Baadaye, akivaa viatu, ndipo alipomalizia:
ilipigwa ya kwanza, kabla ya nyumba.
Tulikunywa tope, tukilichuja kwa ukaya wa mama.

Kwenye hati niliyotumiwa, wanakijiji wameandikiwa hivi:
Watu wanapiga kelele.
Watu wanaendelea kupiga kelele.
Mara nne ukurasa mmoja.
Rubani akikohoa, wameandika: anakohoa kwa huzuni.

Mwanamke anakimbia, kinywa wazi.
Bi Shinuna akainama, akatega sikio.
"Rudisha."
Nikarudisha.
"Rudisha tena."
Akacheka mpaka ushungi ukamwanguka.
"Huyu si wa kwetu, ni wa huko walikokodi milima.
Lahaja yake nzito, lakini namsikia.
Anasema lori la chakula halijafika
na viatu hivi vinamkata."

Dakika ya tisini. Rubani ni mzee sasa,
anagutuka usiku, fulana imelowa, kamera imemsogelea
hadi vinyweleo. Analia.
Mwigizaji hodari; hata mimi koo lilinikaza.
"Analilia nini?"
Anakumbuka.
"Anamkumbuka nani?"
Nikapekua karatasi. Jina hakuna.
"Basi kaota jabali. Jabali halijambo,
nilipita Ijumaa, wamejenga hoteli."

Kisha, polepole: "Simcheki.
Jasho la usiku nalijua. Binti yangu
hunifulia mashuka kila siku, haniulizi.
Ila mimi hajanisogelea mtu na taa."

Nikamuuliza: mama yako alisema nini, zilipokuja?
Tone likaanguka kwenye ndoo. Jingine.
"Alikuwa anakanda. Vumbi likaanza kushuka darini,
akanigeukia. Akasema, ufunike unga."
Na kisha?
"Kisha nini? Nikaenda kutafuta kawa."

Usiku ule, dakika ya arubaini na moja,
yule wa viatu akikimbia kinywa wazi,
nilifuta nilichoandikiwa,
nikaweka chini, katikati, kwa nyeupe:
Ufunike unga.
Herufi kumi na moja. Sekunde mbili.

Wenye filamu wamejibu leo asubuhi, kwa adabu kabisa:
maneno hayo hayamo kwenye hati,
tafadhali rekebisha.

Sijajibu bado.
Ndoo imejaa, naenda kuimwaga.